Chungu cha Chini ya Tangi

Nimestaafu. Vijana wa ofisi yetu ya mambo ya kale waliniaga kwa keki, wakanipa saa ya ukutani, wakaniomba niwaandikie "uzoefu" wangu. Nikawauliza uzoefu upi, maana uzoefu wangu mkubwa ni kukaa juani nikikwangua udongo na kutomwamini mtu. Wakacheka, wakadhani natania. Basi naandika. Habari za vyeo na semina mtazikuta kwenye majalada. Humu naweka yale ambayo jalada halina nafasi nayo.

Nilizaliwa Malampaka, jirani na stesheni, baba akiwa mtu wa reli. Nyumbani tuliongea Kisukuma kilichochanganyika na Kiswahili cha reli, na Jumapili ilikuwa ya kanisa tangu asubuhi hadi mchana. Mambo ya mila niliyasikia kwa mbali, kwa shangazi waliokuja kutembea wakanyamaza kila watoto walipoingia sebuleni. Kwa hiyo kuna vitu ambavyo Msukuma mwenzangu wa kijijini angevitambua kwa kutazama mara moja, na mimi nikavipima kwa rula.

Siku yangu ya kwanza kazini nilipokewa na Mzee Luhende, mchimbaji mkuu wetu, mtu mfupi mwenye kofia ya kitambaa ambayo sikuwahi kuiona imevuliwa. Alinipa mwiko wa waashi, ule wenye ncha, uliosuguliwa kwenye jiwe mpaka ukingo wake ukawa mkali. Akaniambia nikwangue, nisichimbe. Nilikwangua mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Tuliporudi kutoka kunywa chai nikaendelea, na chini kabisa ya vigae vya vyungu, mahali ambapo kila kitu kilipaswa kuwa cha kale, nikakuta kizibo cha soda.

Nilinyamaza nacho hadi jioni. Aliponiuliza nimeona nini, nikamwonyesha, nikaanza kujieleza: pengine panya, pengine mizizi, pengine nimeporomosha ukuta wa shimo. Mzee Luhende alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Nimekiweka mimi," akasema. "Wakati unapuliza chai."

Kisha akaniambia kwamba kuanzia siku ile, nikikuta kitu ardhini, nisianze kujiuliza ni kitu gani. Nianze kujiuliza nani amekiweka, na alikuwa anataka nini. Nilimkasirikia wiki nzima. Baadaye nilikuja kuona kwamba kila kazi nzuri niliyoifanya ilitokana na kizibo kile, na marafiki kadhaa niliwapoteza kwa sababu hiyo hiyo.

Nawausia kuhusu zana, kwa kuwa naona siku hizi mnaamini sana mashine. Timazi haiishiwi chaji. Kamba ya katani huvutika ikilowa, nunueni ya nailoni. Chekeche lishonwe upya kabla ya safari, si baada ya kugundua limetoboka. Na mkiwa Simiyu, ogopeni udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi hupasuka nyufa ambazo mkono wote huingia, na kila kilichoangushwa juu, shanga, sindano, kipande cha sigara, hutumbukia chini kikajifanya cha kale. Mtaalamu mmoja, ambaye nimemsamehe, aliwahi kunionyesha kwa furaha kitufe cha shati akidai ni cha enzi za mababu.

Zaidi ya udongo, ogopeni watu, kwa kuwa na wao wanawaogopa ninyi. Sijawahi kuchimba mahali nikaaminiwa. Kule Mwandoya, wilaya ya Meatu, tulichimba kilima cha majivu ya zizi la zamani, na kila jioni wanaume walikuja na ng'ombe wao kusimama pembeni, kimya, wakihesabu mifuko tunayopakia garini. Wote walijua tunachotafuta. Tunatafuta mali aliyoficha Mjerumani enzi za ukoloni. Ukiwaambia unatafuta mifupa ya mbuzi aliyeliwa zamani wanakutazama kwa huruma, kwamba serikali imekufundisha kudanganya lakini haijakufundisha vizuri. Mzee mmoja alinishika mkono siku ya kuondoka akaniambia, "Mayu, mama yangu, tumegawana umaskini miaka yote. Mngetuonyesha japo kidogo." Sikuwa na cha kumwonyesha, na hadi leo naamini hakuniamini.

Kazi ninayotaka kuieleza kwa urefu ilikuwa Bariadi, miaka michache kabla sijastaafu. Mji ulikuwa umeshakuwa makao makuu ya mkoa. Wafanyakazi wapya walimiminika, na vyumba vya kupanga vilikuwa vimefika hadi kwenye mashamba ya pamba. Kituo kimoja cha afya, ambacho sitakitaja, kilikuwa kinaongezewa wodi ya wazazi, maana ile ya zamani ilikuwa ndogo, akina mama wanalala wawili wawili na wengine wanatandika kanga chini. Mafundi walipochimba mtaro wa msingi, kwenye kona moja wakatoa mavi ya chuma, yale mabonge meusi mazito yanayobaki pale watu wa kale walipoyeyushia chuma, pamoja na vigae vya vyungu. Mtu akapiga picha kwa simu, picha ikazunguka mpaka ikafika ofisini kwetu. Nikatumwa mimi na Joel, mchoraji wetu wa ramani, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyekuwa akiulizia intaneti kabla ya kuulizia maji.

Tulipokewa na Fundi Masanja, msimamizi wa ujenzi, mtu mnene mwenye penseli sikioni.

"Karibuni, Mama. Mmekuja kunisimamishia kazi?"

"Tumekuja kuangalia udongo."

"Udongo tu?" Akatazama gari letu, akatazama chekeche. "Nimejenga hapa mkoani muda mrefu. Sijaona serikali ikituma gari kuja kuangalia udongo."

Tangu siku hiyo kibarua wake mmoja alikaa juu ya tofali akitutazama tunavyochekecha. Nilimwelewa. Mimi mwenyewe ningemweka.

Mimi nami nilikuwa na langu. Upande wa pili wa kiwanja kulikuwa na eneo pana la luseni, mchanga mkavu mzuri wa kujengea, tupu kabisa. Lakini wodi ilikuwa imebanwa nyuma ya majengo ya zamani, chini ya tangi kuukuu la maji ambalo lilifurika na kudondosha, mwaka mzima pakabaki pabichi. Nilimuuliza Masanja ni fundi gani anayejenga kwenye maji.

"Usiniulize mimi. Mchoro wa kwanza ulikuwa kule kwenye luseni. Dokta akaukataa. Akasema wodi iwe hapa, la sivyo isiwepo."

Dokta ndiye Mganga Mfawidhi, msimamizi wa kituo. Tumwite Dokta Minza. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, aliyekuwa akijibu swali kabla hujalimaliza ili uondoke. Nilipomuuliza kuhusu mahali pa wodi alisema ni karibu na chumba cha kuzalishia, wauguzi wasitembee mbali usiku. Lilikuwa jibu zuri mno, na majibu mazuri mno hunitia wasiwasi. Kisha yeye akaniuliza nitachimba wapi.

"Katikati, ndani ya mstari wa msingi. Kona zimeshaharibiwa na mtaro."

"Chuma kilionekana konani. Kwa nini usichimbe huko huko?"

"Konani mafundi wameshavuruga. Nahitaji mahali ambapo hapajaguswa."

Aliangalia tangi, akaangalia vigingi vyangu. "Lazima iwe hapo?"

"Lazima, Dokta."

Akaondoka bila kuaga. Nikamwambia Joel amtazame yule mama vizuri. Joel akasema, "Bosi, wewe kila mtu unamtazama vizuri."

Tulifungua shimo dogo, la kuingia watu wawili. Juu kulikuwa na kifusi cha kawaida, misumari, vichupa vya sindano. Chini yake tabaka la kijivu lenye mavi ya chuma, tulivu, safi, lililonifurahisha sana. Ila lilikuwa limetobolewa. Nilipolisawazisha kwa mwiko yakajitokeza madoa ya duara, yenye udongo mweusi zaidi na laini zaidi, mengine yakiingia chini ya ukuta wa shimo. Mtu anapochimba na kufukia, udongo haurudi ulivyokuwa, hata apige teke namna gani. Madoa haya yalikuwa mashimo yaliyochimbwa na kufukiwa, na hayakuwa ya zamani. Nikachagua moja, nikashuka nalo taratibu. Ndani kulikuwa na chungu.

Kilikuwa chungu kizuri, kipya. Hakikuwa na masizi chini, maana yake hakijawahi kuinjikwa jikoni. Kilikuwa kimefunikwa kwa sahani ya bati yenye maua mekundu, zile za dukani, na pembeni mwa sahani mtu alikuwa ameziba kwa udongo wa mfinyanzi, akapitisha kidole kuzunguka. Alama za kidole zilikuwa bado zinaonekana.

"Bosi, hii kitu ni ya juzi," Joel akasema. "Hiyo sahani nyumbani tunayo."

Vibarua walikuwa wameshasogea nyuma. Mmoja akasema ni dawa imezikwa, mwingine akasema ni rupia za Mjerumani zimezibwa. Masanja alikuja, akachungulia, penseli ikamdondoka. Hakuiokota. Alitaka nifungue pale pale.

Nilikataa. Kitu kilichozibwa hakifunguliwi shimoni mbele ya watu wanaosukumana. Tulikizungushia bendeji za kituo, tukakiacha na bonge la udongo wake chini, tukakitoa kizima. Kilikuwa kizito kuliko chungu kitupu. Tukakiweka stoo ya vifaa, ile ya kando ya wodi ya zamani, nami nikakaa na swali la Mzee Luhende.

Nani aliyekiweka, na alikuwa anataka nini? Niliwapanga. Kulikuwa na familia jirani iliyokuwa ikidai kwamba kiwanja ni zizi la babu yao. Chungu kilichozikwa kingewafaa sana. Kulikuwa na Masanja, ambaye hakupenda kujenga kwenye maji na angefurahi wodi ihamishiwe luseni. Na kulikuwa na Dokta, aliyetaka wodi hapa na asitake shimo hapa. Nilimweka wa kwanza.

Yeye mwenyewe alinisaidia kumshuku. Tangu chungu kiingie stoo alianza kuwa na haja na stoo. Asubuhi anafuata glavu. Mchana anafuata shuka. Jioni nilimkuta amesimama ndani, taa haijawashwa, mikono mifukoni mwa koti jeupe. Nilimuuliza anatafuta nini, akasema, "Nimesahau." Daktari anayesahau alichofuata stoo. Siku hiyo hiyo nilinunua kufuli sokoni, nikafunga, ufunguo nikauning'iniza shingoni pamoja na rozari. Nikamwambia muuguzi wa zamu kwamba wakihitaji kitu watanipigia simu nije kufungua. Dokta hakupinga. Hilo nalo niliona la ajabu.

Kisha kukawa na matone meupe. Kila asubuhi tulikuta pembeni mwa shimo pamenyunyiziwa kitu cheupe, kimekauka juu ya udongo. Wawindaji wa mali ya Mjerumani huweka alama za chokaa mahali wanapokusudia kurudi, kwa hiyo nilidhani nimewapata. Lakini chokaa iliyokauka ukiikamulia limau hutoa mapovu. Nikaomba limau kwa mama lishe wa getini, nikakamulia. Hakuna povu. Nikaonja kwa ncha ya ulimi. Ulikuwa unga wa mtama uliokorogwa na maji. Joel alinipiga picha nikionja, nadhani bado anayo.

Nikaamua kumaliza mambo. Nikaitisha kikao cha Ijumaa: mtu wa halmashauri, askari polisi, Masanja, familia ile jirani na Dokta. Chungu kingefunguliwa mezani mbele yao wote, na aliyekizika angeonekana usoni. Nilijivunia mpango huo. Dokta nilipompelekea taarifa aliisoma akiwa amesimama, akaketi, akaisoma tena.

"Polisi wa nini?"

"Wa kushuhudia, Dokta. Kuna mtu anachezea eneo la serikali."

"Na ukishafungua?"

"Tutajua."

Niliona mkono wake umeikunja karatasi mara nyingi mpaka haikukunjika tena, nikahesabu hiyo kama ushahidi.

Alhamisi jioni, kabla ya kuondoka, nilifanya jambo ambalo Mzee Luhende alikuwa akilifanya kwa wezi wa kamba. Nilisawazisha udongo mlaini kuzunguka shimo lote kwa mwiko, mpaka ukawa kama uso wa ugali uliopakwa maji. Kulipopambazuka nilikuwa getini, kabla ya mafundi. Nyayo zilikuwepo. Zilikuwa ndogo, za ndala, zimekuja moja kwa moja na kuondoka moja kwa moja. Hakuna aliyechimba. Na pale zilipokomea, ukingoni mwa shimo, kulikuwa na vishimo viwili vipana, vya mviringo, vimekaa sambamba. Niliviangalia muda mrefu kabla sijaelewa ni nini. Yalikuwa magoti.

Sijawahi kuona mwizi anayepiga magoti.

Nyuma yangu nikasikia ufagio. Mama Nkwimba alikuwa mhudumu wa wodi ya wazazi maisha yake yote, alishastaafu zamani, na bado kila alfajiri alikuja kufagia nyuma ya wodi. Nilikuwa nikimwona kila siku. Wafagiaji hatuwashuku, na hilo ni kosa letu la kikazi, maana wao ndio wanaofuta nyayo. Pembeni ya ufagio alikuwa na kibuyu kidogo, chenye weupe mdomoni.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia.

"Mwangaluka, ng'wanone, mwanangu. Mhola?"

"Mhola duhu," nikajibu, salama tu. Nikaonyesha magoti. "Haya ni yako?"

Akaangalia. "Ya leo ni yangu. Siku nyingine huwa ya wengine."

"Wengine nani?"

Aliegemeza ufagio ukutani, akaketi juu ya tofali la yule kibarua, akanitazama namna anavyotazamwa mtu aliyeulizwa kitu kidogo akashindwa.

"Wewe si wa Malampaka? Si Msukuma? Mtoto akizaliwa hapumui, mwili wake wanauweka wapi?"

Sikujua. Ningeweza kumtajia tarehe za tanuri za chuma, lakini hilo sikulijua.

"Kwetu haendi makaburini na watu wazima," akasema. "Na mabasa, mapacha, wakitoka hivyo, ndiyo kabisa. Anawekwa kwenye chungu kipya, ambacho hakijapika, mahali pabichi. Pakavu hapana. Ukimweka pakavu, mama atakauka, na mvua nayo itakasirika. Kijijini ni rahisi, kila mtu ana kwake. Hapa mjini mtu anapanga chumba. Mwenye nyumba atakubali umzike uani kwake? Wengine wametoka mbali, mume hayupo, hawezi kupanda bodaboda amempakata. Atampeleka wapi?"

Akaonyesha tangi kwa kidevu.

"Mimi nilikuwa nawanunulia chungu. Nawazibia mwenyewe, kwa kidole hiki, na alfajiri nakuja kuwanyunyizia unga. Ninyi mnachimba kutafuta watu wa zamani, ng'wanone. Hawa si wa zamani. Mama zao wengine wanauza nyanya hapo getini."

Nikachuchumaa. Nilifikiria Ijumaa, ambayo ilikuwa ndiyo siku hiyo. Chungu kingefunguliwa mezani. Askari angeona alichokiona, na kazi yake ingemtaka aulize. Mashimo yote yangefukuliwa. Wanawake wangeitwa mmoja mmoja kueleza watoto wao walikufaje, na kwa nini walizika kimya, mbele ya maofisa wenye kalamu.

"Dokta anajua?" nikauliza.

"Muulize yeye mwenyewe kwa nini wodi iko hapa."

Nilimkuta ofisini, hajavua koti la njiani. Nikafunga mlango, nikamwambia nimezungumza na Mama Nkwimba. Aliweka mkoba mezani taratibu.

"Mchoro wa kwanza uliweka wodi kule kwenye luseni," akasema, "na hapa chini ya tangi wakapanga mashimo ya choo. Mashimo marefu, ya mashine. Ningefanya nini? Ningesema nini kwenye kikao cha ujenzi? Nikasema wodi ije hapa. Mtaro wa msingi unapita pembeni, katikati hapachimbwi. Wakishamwaga jamvi la zege, basi. Hakuna mtu atakayewagusa tena. Watakuwa chini ya sakafu, na juu yao watoto wenzao wanalia." Akaanza kuvua koti. "Nilikuwa nimepiga hesabu zote. Sikujua kwamba kuna watu kazi yao ni kuchimba katikati."

Ushahidi wangu wote ulikuwa sahihi. Aliyeikataa luseni ni yeye, aliyelichukia shimo ni yeye, aliyezunguka stoo ni yeye. Niliona kila kitu, na sikuelewa hata kimoja. Niliona aibu, si ya kitaalamu, aibu ya mwanamke mbele ya mwanamke.

Kikao kilifanyika. Watu walikuwa wameshafika, mtu wa halmashauri amevaa tai, askari ameketi jirani na dirisha. Nilisimama nikasema nimekwisha kukichunguza chungu. Ni cha juzi juzi, cha sokoni, hakina thamani yoyote kwa mambo ya kale. Ndani ya mstari wa msingi ardhi imeshavurugwa na mashimo ya siku za karibuni, hakuna tabaka la kale lililobaki zima, kwa hiyo ofisi yangu haina haja ya kuendelea kuchimba, na inashauri pasichimbwe tena. Kila neno lilikuwa la kweli. Mnaweza kulisoma kwenye ripoti.

"Hakifunguliwi?" mtu wa halmashauri akauliza.

"Siwezi kuwapotezea muda kwa chungu cha sokoni."

Masanja alicheka mpaka machozi. "Mama, umetuitia polisi kwa chungu cha kuchemshia maharage?" Wengine nao wakacheka. Askari akavaa kofia yake. Joel alikuwa akiniangalia. Alijua kwamba sijawahi kufunga jambo bila kulifungua, na aliijua ile sahani ya bati ilivyozibwa. Hakuuliza, na kwa hilo namheshimu hadi leo. Mimi nilivumilia kucheka kwao, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizopewa Simiyu, maana mnanijua nilivyo na majivuno.

Walipoondoka, Masanja akawaruhusu vibarua wakale. Nikamwambia nitafukia shimo langu mwenyewe kwa mkono, ni utaratibu wetu. Alisema nifanye nipendavyo, ilimradi zege limwagwe kabla ya mvua. Mama Nkwimba alikuwa tayari ameshuka shimoni, anasafisha mahali tulipokitoa chungu, anapapasa kwa viganja.

Nilitoa ufunguo shingoni, nikafungua stoo. Nilikuwa nikimwita Joel aje tukibebe pamoja, Dokta Minza akanigusa begani.

"Huyo nitambeba mwenyewe," akasema.

Nilimtazama. Alikuwa ameshavua koti jeupe, amejifunga kanga kiunoni.

"Nilikuwa ndiyo kwanza nimepangiwa kazi hapa," akasema. "Nina chumba kimoja, kwa mwenye nyumba. Sahani hiyo niliitoa mimi, lakini sikuweza hata kusimama. Mama Nkwimba ndiye aliyemleta. Mimi ni mtu wa kanisa, unga siunyunyizi. Huwa napita tu."

Nikashika kufuli mkononi nisijue pa kuliweka. Siku zote zile alikuwa akija mlangoni, akikuta chuma changu, akirudi kwa wagonjwa. Yeye akainama, akakikumbatia chungu pamoja na udongo wake, akakiinua kwa shida. Kilimlowesha kifuani. Alasiri zote nilikuwa nikikifunika kwa gunia lililochovywa maji, kwa sababu udongo mweusi ukikauka haraka hupasuka, na usiku, kwa upepo wa kiangazi, gunia lile lilikuwa la kutia vidole ganzi.

Alisimama mlangoni na mzigo wake, akalitazama gunia.

"Humu ndani usiku," akasema, "kulikuwa na baridi?"

Kazi yangu yote sikuwahi kumwambia mtu jambo ambalo udongo haukuniambia.

"Hapana, Dokta," nikasema. "Hakukuwa na baridi."